Bando la siku, la mwezi, postipeidi au laini mbili: mtu wa Dodoma achukue lipi?

Kuna mama anauza chai na maandazi jirani na soko la Majengo, simu zake ni tatu, zote kitochi, kazifunga pamoja na raba ya kufungia mchicha, na mgongoni mwa kila moja kabandika plasta nyeupe ya hospitali kaandika kwa maka: KUPOKEA, KUPIGA, HELA. Siku moja nikamwambia mama shikamoo, kwa nini usinunue moja tu ya laini mbili ukapunguza mzigo, akacheka. "Mwanangu, hii ya kupokea ndiyo watu wote wanaijua toka sijaolewa. Hii ya kupiga dakika zake ndiyo rahisi. Na hii ya hela wakala wake yuko hapo mlangoni, sivuki barabara."

Nikamwachia maana sikuwa na la kuongeza.

Mimi mwenyewe ni wakala, nina meza na mwavuli Sabasaba, nasajili laini, naweka na kutoa hela za mitandao yote, kwa hiyo sina timu hapa, awe Voda awe Airtel awe Yas (ndiyo Tigo ya zamani, walibadilisha jina Novemba 2024) awe Halotel au TTCL, wote wananilipa kamisheni ileile ndogondogo. Ila swali ninaloulizwa kila siku ni moja: bora nijiunge la siku au la mwezi, au nihame kabisa mtandao? Na mtu anataka umjibu kwa neno moja huku boda inamsubiri. Haiwezekani, ndo maana nimekaa niandike.

Vya kupimia kwanza

Watu wengi wanaanza na bei. Mimi bei naiweka mwisho, na sio kwa dharau, ni kwa sababu bei ndo kitu kinachobadilika haraka kuliko vyote. Wanaokumbuka Aprili 2021 wanajua, bando mpya zilitoka tarehe 2, watu wakapiga kelele nchi nzima, siku hiyohiyo TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, ikaagiza zirudishwe za zamani. Ukichagua mtandao kwa bei ya leo, kesho unaweza kujikuta umebaki na laini na ile bei haipo.

Kwa hiyo mimi napima hivi. Kwanza panashika? Na sio mjini, pale unapolala. Pili hela yako inaingiaje, kila jioni, kila wiki, tarehe 24, au mara moja baada ya mavuno. Tatu kile usichokimaliza kinaenda wapi. Nne siku ukitaka kutoka unaacha nini nyuma. Halafu ndo bei.

Kuhusu kushika sitarefusha, dawa yake ni moja. Usimwamini mtu wa Area C anayekwambia mtandao fulani uko vizuri wakati wewe unaishi Nala au Mpunguzi. Azima laini ya jirani, ingia nayo chumbani kwako chini ya bati, saa 2 usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni, fungua video moja na upige simu moja. Saa 4 asubuhi kila mtandao ni mzuri. Na kuna vijiji huku Bahi, Chamwino mpaka Kondoa ambako mnara ni mmoja tu, hapo hakuna cha kulinganisha, mwenye mnara ndo mtandao wako. Mei 2023 hapahapa Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa kata 713 nchini, serikali inatia ruzuku kupitia ule mfuko wa mawasiliano kwa wote na kampuni zimegawana maeneo ya kujenga, kwa hiyo kabla hujanunua laini ya kumpelekea bibi kijijini uliza kwanza mnara wa kwao kajenga nani.

Bando la siku na la wiki

Unalipaje: jero (mia tano), buku (elfu moja), buku mbili, vile mfuko unavyosema. Uzuri wake ni kwamba siku huna hela hudaiwi na mtu. Ubaya wake ni kwamba huoni jumla. Mwezi mmoja niliamua kuandika kwenye daftari la wakala kila nilichojiunga mimi mwenyewe, mwisho wa mwezi nikahesabu: jero mara 14, buku mara 19, buku mbili mara 3. Elfu 32! Na ningeulizwa kabla ningeapa kabisa natumia kama elfu 15. Haya mabando madogo ni kama karanga za kwenye basi, huhesabu unatafuna tu.

Kinachobaki: hapa ndo watu wanapigwa bila kujua. Bando la saa 24 likiisha muda, MB zako zilizobaki zinaondoka nalo. Lakini kuna kanuni za TCRA za 2021 ambazo wateja wangu wengi hawazijui, kwamba ukijiunga tena bando lilelile kabla la kwanza halijaisha muda wake, kilichobaki kinaunganishwa, na pia unaweza kumhamishia mtu mwingine kilichobaki. Neno ni LILELILE. Ulikuwa na la buku ukanunua la jero, usilalamike. Na ni KABLA, sio dakika tano baada ya kukata. Mimi niliweka alamu ya simu saa moja kabla, mke wangu anacheka ila zinabaki.

Kutoka: rahisi kuliko yote, unaacha tu kununua.

Linamfaa nani: boda, mama ntilie, kibarua, mtu ambaye leo ana kazi kesho hana. Na mtu anayetumia kwa vipindi, labda wiki hii ana safari ya Dar kwa treni ya SGR anataka data ya njiani (kwenye mahandaki kule Kilosa usitegemee chochote), wiki ijayo yuko nyumbani ana WiFi. Kwa mtu kama huyo la mwezi ni kutupa hela.

Bando la mwezi

Unalipaje: kwa mkupuo. Baada ya ile hesabu ya daftari nilisema sasa nimekuwa mtu mzima, nikajiunga la mwezi la elfu 20, ambalo kwa makaratasi lilikuwa na GB nyingi kuliko zote nilizotumia kwa ile elfu 32. Nikajiona mjanja. Tarehe 17 likakata.

Nini kimetokea? Hakuna aliyeniibia, ni mimi. Ukiwa na MB 300 unafungua WhatsApp unajibu unafunga. Ukiwa na GB nyingi unaanza kuangalia TikTok kitandani, mtoto anaomba hotispoti ya kazi ya shule kumbe anadanlodi gemu, simu yenyewe inaona kuna data inaanza kujiapdeti programu 20 usiku. Mwezi uliofuata nilizima apdeti za wenyewe kwenye Google Play nikaacha zikiwa za WiFi tu, nikapunguza ubora wa video, hotispoti nikaweka neno la siri ambalo mtoto halijui, likafika tarehe 29. Kwa hiyo bando la mwezi ni rahisi kweli kwa hesabu ya kila GB, ila linataka nidhamu.

Kinachobaki: kanuni ileile ya kuunganisha, na hapa ina uzito zaidi kwa sababu kinachobaki ni kikubwa. Tatizo mwezi wa bando ni siku 30, mshahara hauji kila siku 30, kuna mwezi unachelewa siku mbili na hizo siku mbili ndo zinazokata bando lako na mabaki yake. Ukiweza, tenga ile hela kwenye simu mapema.

Kutoka: ukishanunua umenunua, umekwama mwezi. Mtandao ukianza kusumbua mtaani kwenu wiki ya pili utavumilia tu. Nakushauri usijiunge la mwezi kwenye laini ambayo hujaijaribu walau wiki mbili kwa bando dogo.

Linamfaa nani: mwajiriwa, mwalimu, mwenye duka linalouza vizuri, mwanafunzi wa UDOM aliyepata boom (hela ya mkopo wa chuo) na anajijua kwamba ikikaa itaisha kwenye chipsi. Huyo ajiunge siku hiyohiyo boom ilipoingia.

Postipeidi, yaani malipo ya baada

Hii huku kwetu wachache wanaijua, wengi wakisikia mkataba wa simu wanafikiria ofisi za serikali kule Mtumba. Na kweli sehemu kubwa ni za ofisi.

Unalipaje: unatumia kwanza, ankara inakuja mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo kuna makaratasi, kitambulisho cha NIDA, uthibitisho wa kazi au kampuni, na mara nyingi dhamana unaweka mbele, halafu mnakubaliana kikomo cha matumizi. Faida yake kubwa hukatiki katikati ya maongezi, na kwa kampuni wafanyakazi wanawekwa kwenye kundi moja wanapigiana kwa unafuu. Hatari yake nayo ni hiyohiyo, hukatiki. Usipoweka kikomo ankara inakuja kama ya maji yaliyopasuka bomba.

Kinachobaki: soma mkataba, kila mmoja una lake. Usikubali maneno ya mdomo ya yule kijana wa mauzo, mwambie mwanangu nionyeshe kwenye karatasi.

Kutoka: hapa ndo pagumu. Kuna notisi, kuna deni la mwezi wa mwisho, na ukiwa na deni huhami na namba. Jamaa mmoja mteja wangu aliacha kazi akadhani laini ya ofisi ni ya kwake, namba aliyokuwa ameitoa kwa watu wote miaka minne, kumbe imesajiliwa kwa jina la kampuni. Imebaki huko. Sasa anazunguka kutuma meseji "namba mpya hii jamani".

Inamfaa nani: kampuni, mtu anayerudishiwa gharama na ofisi anayehitaji ankara yenye jina, na mtu ambaye simu ikikata dakika moja anapoteza dili. Wengine sidhani, ila mwenye kipato cha uhakika na anayependa kusoma ankara yake mstari kwa mstari atafurahi nayo.

Kidogo tu kuhusu ule mkataba mwingine

Kwa Marekani mkataba wa simu ulikuwa mtu anachukua simu kwa bei ya chini halafu anafungwa miaka miwili na kampuni, mpaka 2013 T-Mobile ya huko wakatangaza wanaachana na hiyo mikataba. Huku kwetu kinachofanana na hicho ni simu ya mkopo, unatoa kianzio, unalipa kila siku, usipolipa simu inajifunga inabaki kioo cheusi chenye ujumbe. Sio mbaya, nimeona vijana wa boda wameingia kwenye simu janja kwa njia hiyo tu. Ila piga hesabu yote kabla ya kusaini. Tuseme kianzio 60,000 na marejesho 1,500 kwa siku kwa siku 365, hiyo ni 547,500 jumlisha kianzio, 607,500. Halafu nenda madukani pale mjini uliza simu hiyohiyo keshi ni shilingi ngapi. Kama tofauti unaikubali, chukua kwa roho safi.

Kubaki, laini mbili, au kuhama na namba

Hili ndo swali lenyewe la uaminifu kwa mtandao, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wanaponiudhi. Mtu ana hasira, bando limepanda, anakuja mezani "nisajilie mtandao mwingine, hawa nawaacha leo". Namsajilia. Wiki mbili baadaye namwona na ileile ya zamani. Mbona kaka? "Aah, hela zangu ziko kule."

Kinachotushika sisi hapa sio mkataba, ni pesa ya simu. Namba yako ndo benki yako. Kibubu chako kiko humo, wateja wanakulipa humo kwa Lipa Namba, na lile kubwa, kiwango chako cha mkopo kiko humo. Mtu wa M-Pesa aliyetumia Songesha, ule mkopo wao wa kumalizia muamala, miaka mitatu kiwango chake kimepanda taratibu, akihamia kwingine anaanza sifuri kama mgeni. Hili halimo kwenye tangazo lolote la bando ila ndilo linaloamua.

Kubaki na laini moja. Unalipa bei yoyote watakayoweka, lakini historia yako inakaa sehemu moja na vichwa haviumi. Je wanakulipa kwa uaminifu? Kidogo. Tigo Pesa (sasa Mixx by Yas) tangu 2014 walianza kugawia wateja faida inayotokana na hela zilizokaa kwenye akaunti, hilo ni jambo la kweli hata kama kwa mtu mdogo ni hela ya soda. Lakini zile ofa za "wewe tu" zina mambo yake. Mimi nina laini ya mtandao mmoja toka 2011, kila siku nanunua, mke wangu ana ya mtandao huohuo ilikaa kabatini miezi, alipoiwasha wakampa ofa ya GB ambayo mimi sijawahi kuiona hata kwa ndoto. Nyumba moja, bei moja ya vocha. Aliyenuna ndo anabembelezwa. Kwa hiyo angalia menyu ya ofa zako binafsi kabla ya kujiunga za kawaida, na ukiona zimekauka, pumzisha laini hiyo wiki moja utumie nyingine uone.

Laini mbili. Ndo ule mfumo wa mama wa maandazi. Moja ya namba na hela, nyingine ya bando, na hii ya bando ndo unaihamisha unavyotaka maana hakuna aliyeikariri. Gharama yake ni kwamba usipoangalia unanunua bando mara mbili, na laini uliyoisahau miezi mingi inafungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine, sasa fikiria kama hiyo ndo uliyoandika benki. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, wengine wanakuta namba hawazijui kabisa, hiyo ipeleke kwa mtoa huduma haraka.

Kuhama na namba. Ipo toka tarehe 1 Machi 2017 na watu bado wananishangaa nikiwaambia. Unaenda duka la mtandao unaotaka kuhamia na kitambulisho, namba inabaki ileile, 075 yako inakuwa ya mtandao mwingine. Kabla hujaenda toa hela zote kwenye akaunti ya simu, lipa ulichokopa, iwe salio iwe mkopo wa hela, maana akaunti ile haihami na wewe, unafungua mpya. Halafu kuna usumbufu ambao mimi nauona mezani: binti anataka kumtumia baba yake hela, anaona namba inaanza na 075 anachagua Voda, jina haliji, anarudia, anaanza kutetemeka akidhani hela imepotea. Baba kahama toka mwaka jana hakumwambia mtu. Siku hizi mimi siangalii tarakimu za mwanzo, nauliza "mzee yuko mtandao gani?" Ukihama, tangaza kwenu.

Inamfaa nani: mtu ambaye namba yake ni biashara yake, imeandikwa kwenye ubao wa duka na ubavuni mwa Fuso, na mtandao wake haushiki tena alipohamia. Kuhama kwa ajili ya tofauti ya buku kwenye bando mimi sishauri, laini ya pili inamaliza hiyo kazi.

Sasa wewe uko wapi

Uko Ihumwa au Mtumba, mshahara unaingia, nyumbani mko wanne na kila mmoja ana simu: piga hesabu mnachonunua wote kwa mwezi mzima kabla ya kununua bando jingine lolote. Jumla ikiwa kubwa, angalia faiba ya TTCL kama imepita mtaa wenu au rauta ya 5G ya mtandao unaoshika hapo, za kulipia kwa spidi sio kwa GB, halafu kwenye simu baki na dakika tu.

Wewe ni boda au unauza pale soko la Job Ndugai: la siku, lakini chagua moja usilibadilishe, na ulijiunge tena kabla halijakata.

Mwanafunzi: la mwezi siku ya boom, na bando za usiku kwa kudanlodi vitini, ukiweza kuamka.

Unalima zabibu Hombolo, hela inakuja kwa msimu: wakati wa mavuno jiunge la mwezi maana ndo unapiga simu nyingi kutafuta wanunuzi, miezi ya ukame rudi kwenye la wiki la dakika, na usihame mtandao wenye historia yako ya mkopo katikati ya mwaka ukiwa unadaiwa mbolea.

Una ofisi ya watu watano: kaeni na watu wa mtandao unaoshika hapo muulizie postipeidi, ila namba za wafanyakazi muandikishane mapema ni za nani mtu akiondoka.

Na kama unamnunulia bibi kule Kongwa, mtandao ni ule wenye mnara kijijini kwao na wakala wa karibu, kitochi chenye betri inayokaa, na dakika umhamishie wewe kutoka kwenye bando lako kila Jumapili. Usimpe laini ya pili, ataitumia kufungia kitambaa.